Jenga barabara, ukatwe ada: tathmini ya krediti za barabara Florida, Texas na California

Katika miji na kaunti nyingi za Marekani, kila nyumba mpya hutozwa ada ya athari: fedha za kupanua barabara, bustani au vituo vya zimamoto vitakavyowahudumia wakazi wapya. Kwa upande wa barabara kuna njia ya pili ya kulipa. Mwendelezaji hujenga mwenyewe kipande cha barabara ya umma karibu na mradi wake, hukikabidhi kwa mamlaka, na thamani yake hukatwa kwenye ada aliyokuwa anadaiwa. Haki hiyo ya kukatwa ndiyo krediti. Tunaipima hapa kama huduma nyingine yoyote: unatoa nini, unarudishiwa nini, na inakwama wapi. Tumelinganisha Florida, Texas, na mpango wa magharibi mwa Riverside County huko California.

Kwa mwenye haraka, hukumu ni hii. Florida ndiyo bora kwa anayejenga. Texas ni nzuri kwa anayesoma kanuni za mji husika mstari kwa mstari. Riverside inambana mjenzi kwenye bei, lakini inalinda mfuko wa umma kuliko zote. Na popote ulipo, krediti ambayo haimo kwenye mkataba uliosainiwa kabla greda halijaingia kazini usiiweke kwenye bajeti.

Kwa nini krediti ipo

Bila krediti, mjenzi angelipa barabara mara mbili: mara moja kwa zege na lami, mara ya pili kwa hundi. Mahakama ya Juu ya Marekani imejenga kizuizi cha jambo hilo kidogo kidogo. Kesi ya Nollan (1987) ilidai sharti la kibali lihusiane na athari ya mradi wenyewe. Dolan (1994) ikaongeza kwamba ukubwa wa sharti ulingane kwa kiasi na ukubwa wa athari. Koontz (2013), iliyotoka Florida, ikaingiza na madai ya fedha taslimu. Mwaka 2024, katika Sheetz dhidi ya El Dorado County, mtu aliyetaka kuweka nyumba moja iliyotengenezwa kiwandani alitozwa dola 23,420 za ada ya barabara. Majaji wote walikubaliana kwamba ada haiepuki kipimo hicho kwa sababu tu imewekwa na baraza la kutunga kanuni. Hawakusema ada yenyewe ni haramu. Waliirudisha kesi mahakama za chini.

Kesi ya kufundishia zaidi, kwa maoni yetu, ni ya Flower Mound, Texas, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka 2004. Mji ulimtaka mwendelezaji wa Stafford Estates aivunje barabara ya lami iliyokuwa bado nzima na kuijenga upya kwa zege. Aliijenga, huku akipinga kwa maandishi, kisha akashtaki. Alirudishiwa zaidi ya dola 425,000. Mwaka 2005 Texas ikaweka sheria kwamba sehemu ya gharama za miundombinu anayobebeshwa mwendelezaji isizidi kiasi kinacholingana na athari ya mradi wake, na kiasi hicho kithibitishwe na mhandisi mwenye leseni anayefanya kazi kwa niaba ya mji. Ukipewa sharti la barabara Texas, karatasi ya kwanza ya kuomba ni hesabu ya mhandisi huyo.

Nini kinahesabiwa, nini hakihesabiwi

Hapa ndipo miradi mingi hupoteza fedha. Georgia na Washington zimeliandika jambo hili kwenye sheria waziwazi, na majimbo mengine hulifuata kwa maneno yao: kuna kazi za mfumo na kazi za mradi. Kazi ya mfumo ni ile inayowafaa watu wa eneo zima, kama kupanua barabara kuu ya kaunti kutoka njia mbili hadi nne, daraja, au taa za kuongozea magari kwenye makutano makubwa. Kazi ya mradi ni ile inayoufaa mradi wako: mlango wa kuingilia, njia ya kupindia kushoto inayoishia getini kwako, barabara za ndani, ukuta wa kuzuia kelele, bustani ya mbele. Kazi za mfumo hupata krediti. Kazi za mradi hazipati hata senti, hata kama zimejengwa ndani ya hifadhi ya barabara ya umma na kila mtu anapita juu yake.

Utata uko katikati. Njia ya kupinda kwenye makutano ya umma yaliyo mita 80 kutoka getini kwako: ni ya nani? Jibu hutoka kwenye utafiti wa athari za magari, hivyo mwagize mhandisi wa usafiri atenganishe tangu mwanzo magari ya mradi wako na magari ya wengine kwa kila upande wa makutano. Utafiti unaotoa jumla tu hauna msaada siku ya kudai. Hesabu huanzia kwenye kitabu cha idadi ya safari cha ITE, taasisi ya wahandisi wa usafiri. Toleo la 11 linaipa nyumba ya familia moja safari 9.43 kwa siku, na 0.94 kwenye saa ya msongamano wa jioni. Safari hizo huzidishwa kwa urefu wake na kwa gharama ya kujenga uwezo wa barabara, kisha hupunguzwa kodi ambazo mkazi mpya atalipa kwa ajili ya barabara hizohizo.

Punguzo hilo la mwisho nalo huitwa krediti, na watu huchanganya vitu hivi viwili. Texas inaulazimu mji ama kulikokotoa punguzo la kodi, ama kukata asilimia 50 ya gharama yote ya mpango wa miundombinu. Hiyo imeshaingizwa kwenye kiwango cha ada kabla hujafika dirishani. Krediti ya kujenga barabara ni juu ya hapo, na ni lazima uiombe.

Sharti la pili: barabara iwe kwenye orodha. Texas hutambua barabara kuu na barabara kusanyaji (zinazokusanya magari ya mitaani na kuyapeleka barabara kuu) zilizomo kwenye mpango rasmi wa barabara wa mji, na eneo la huduma halitoki nje ya mipaka ya mji wala kuzidi maili sita, yaani karibu kilomita 9.7. Kama barabara yako haimo, omba mpango urekebishwe kabla ya kusaini chochote. Ukijenga kwanza ukaomba baadaye, umeitoa zawadi.

Mkataba

Mkataba mzuri wa krediti si mrefu, lakini kuna mambo usiyaache yaelee.

Kipande cha barabara kielezwe kwa vipimo: kuanzia wapi hadi wapi, njia ngapi, upana wa kila njia, unene wa tabaka, mifereji, njia ya watembea kwa miguu. Neno «maboresho ya barabara» peke yake ni mwanya wa mamlaka kudai zaidi na kukukatia kidogo. Gharama iambatishwe kama jedwali la kazi na bei lililosainiwa na mhandisi, kipengele kwa kipengele. Usanifu, usimamizi, upimaji wa udongo na uhamishaji wa nguzo za umeme na mabomba vitajwe kwa majina kwamba vinahesabiwa. Florida sheria yenyewe inataja fedha, ardhi iliyotolewa, usanifu na ujenzi, na inasema vikatwe dola kwa dola kwa thamani ya soko. Kwingine usanifu huwekewa kikomo cha asilimia, na riba ya benki haihesabiwi kabisa.

Mkataba useme krediti inazaliwa lini. Kuna mamlaka zinazoifungua pale unapoweka dhamana ya utekelezaji ya asilimia 100 ya gharama, na nyingine husubiri barabara ipokelewe. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Barabara ikichukua miezi 14 na nyumba za kwanza zikahitaji vibali mwezi wa tano, utalipa ada taslimu kwa nyumba hizo zote, halafu uanze kuomba urudishiwe. Kurudishiwa ni kugumu kuliko kukatwa, kwa sababu fedha huenda zimeshapangiwa barabara nyingine. Pigania kufunguliwa kwa dhamana.

Pia useme krediti inapimwa kwa dola au kwa nyumba. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mradi una nyumba 200, ada ni dola 6,000 kwa nyumba, jumla 1,200,000. Barabara imegharimu 1,500,000, na 180,000 kati yake ni kazi za mlango wa mradi zilizokataliwa. Krediti ni 1,320,000, sawa na nyumba 220. Mwendelezaji amepata za nyumba zake zote na 20 za ziada. Sasa ada ipande kwa asilimia 25 hadi 7,500 kabla hajajenga hata moja. Kama krediti ni dola tu, inatosha nyumba 176, na zile 24 zilizobaki zitalipiwa dola 180,000. Florida imeliziba pengo hili: ada ikipanda, mwenye krediti anabaki na idadi ya nyumba aliyokuwa ameilipia siku krediti ilipoandikwa. Hiki ndicho kipengele kilichoipa Florida nafasi ya kwanza kwetu. Texas hufika karibu na hapo kwa njia nyingine: ada hukadiriwa kabla au wakati ramani ya ugawaji viwanja inaposajiliwa, na baada ya hapo haiongezwi kwa kiwanja hicho isipokuwa matumizi yenyewe yaongezeke. Kwa hiyo Texas usicheleweshe usajili wa ramani.

Zile nyumba 20 za ziada je? Florida inaruhusu krediti kuuzwa au kuhamishiwa mradi mwingine ndani ya kanda hiyohiyo ya ada, au kanda inayopakana nayo ndani ya mamlaka ileile, mradi kanda hiyo inafaidika na barabara iliyojengwa. Texas huachia mengi kwenye kanuni za mji, hivyo soma kwanza. Pasipo ruhusa ya kuhamisha, dai kipengele cha kurudishiwa kutokana na ada za waendelezaji watakaokuja kuitumia barabara hiyo, pamoja na muda wa mwisho. Na ukiuza viwanja kwa wajenzi wa nyumba, hamisha krediti kwenye hati ya mauzo. Wajenzi wengi wamelipa ada iliyokwisha kulipwa kwa lami, kwa sababu tu krediti ilibaki kwa jina la muuzaji wa kwanza.

Ardhi

Ardhi ya kupanulia barabara hupata krediti kwa thamani ya mthamini, na ugomvi huwa kwenye tarehe. Shamba kabla ya kubadilishiwa matumizi lina bei moja, na shamba hilohilo baada ya kuidhinishiwa nyumba 200 lina bei nyingine. Mamlaka nyingi hushikilia thamani ya siku moja kabla ya idhini. Si dhuluma kwa maoni yetu: ongezeko hilo la thamani limetokana na idhini ya umma. Lakini tarehe iandikwe. Kama ardhi inayohitajika ni ya jirani, kumbuka kwamba wewe huna mamlaka ya kutwaa. Kaunti ndiyo inayo. Mkataba useme nani atatwaa, nani atalipa fidia, na kwamba ucheleweshaji wa kutwaa hauzuii vibali vyako vya nyumba.

Riverside na suala la bei

Mpango wa TUMF, ambao muungano wa serikali za magharibi mwa Riverside County (WRCOG) umeuendesha tangu 2003, una ada moja kwa miji mingi, ikilenga barabara za mkoa. Kanuni yake ya krediti ni kali: unakatiwa kiasi kidogo kati ya viwili, gharama halisi au kiwango cha juu kilichowekewa barabara hiyo kwenye utafiti wa mpango. Zabuni iwe ya wazi, na wafanyakazi walipwe viwango vya mishahara ya kazi za umma. Mwendelezaji aliyezoea kumpa kazi mkandarasi wake wa siku zote huiona kama adhabu. Kwa mwananchi, hata hivyo, ndiyo kinga pekee dhidi ya mchezo wa kupandisha bei ya kila mita ya lami ili krediti inone. Tungependa Florida iazime kipengele cha zabuni. Udhaifu wa Riverside ni kwamba bei za utafiti huchelewa kufuata soko. Lami na chuma vikipanda, tofauti inamwangukia mjenzi.

Kazini

Kwenye ujenzi wenyewe mambo manne hukwamisha kupokelewa, na bila kupokelewa hakuna krediti ya mwisho. La kwanza ni ushindiliaji. Tabaka la chini ya lami hudaiwa asilimia 95 au 98 ya ushindiliwaji wa juu wa maabara, kutegemea kanuni ya mahali. Mkaguzi akikosa ripoti ya kila tabaka, atadai ukate lami upime. La pili ni nguzo na mabomba: kampuni za umeme na simu huhamisha vitu vyao kwa ratiba yao, si yako, na barua ya kwanza ipelekwe michoro ikiwa imekamilika asilimia 30 tu. La tatu ni taa za kuongozea magari. Mwongozo wa taifa wa alama za barabarani, MUTCD, hautaki taa zisimikwe mpaka uchunguzi ufanyike na angalau kigezo kimoja, cha idadi ya magari, ajali au kinginecho, kitimie. Mradi mpya usio na wakazi mara nyingi hautimizi. Suluhisho ni kuzika mabomba ya nyaya na misingi ya nguzo sasa, fedha ya taa ikakaa kwenye akaunti ya amana, na mkataba ukubali kwamba amana hiyo nayo ni krediti. Nguzo za chuma huagizwa mapema. Kusubiri miezi kadhaa ni kawaida. La nne ni maji ya mvua: barabara ikipanuliwa, bwawa la kukusanyia maji hupanuliwa pia, na kaunti hubisha kama bwawa linalopokea maji ya barabara na ya nyumba kwa pamoja lina krediti. Gawanya kwa eneo la uso usiopitisha maji, na hesabu hiyo ifanywe na mhandisi kabla ya kuchimba.

Ukimaliza, faili la madai liwe na michoro ya kazi kama ilivyojengwa, ankara na uthibitisho wa kulipwa kwake, hati za wakandarasi wadogo kukiri wamelipwa na kuachia madai, ripoti za maabara, na dhamana ya matengenezo, ambayo mara nyingi ni asilimia 10 kwa mwaka mmoja au miwili. Ankara zitenganishwe kazi za mfumo na kazi za mradi tangu mkandarasi anapoanza kudai malipo. Ankara moja ya «kazi za udongo, eneo lote» ndiyo sababu ya kawaida ya madai kukatwa nusu.

Upande wa wananchi

Krediti ni deni la umma lisiloonekana kwenye bajeti. Kaunti ikishatoa krediti za nyumba 5,000, kwa miaka mingi nyumba hizo hazitaingiza senti kwenye mfuko wa barabara, huku daraja linalohitajika upande mwingine wa kaunti likisubiri. Barabara inayojengwa kwa krediti hujengwa pale mwendelezaji anapotaka kuuza, si lazima pale msongamano ulipo. Hiyo ndiyo sababu tunasisitiza sharti la orodha: barabara ichaguliwe na mpango wa umma, mwendelezaji achague muda tu. Florida kwa upande wake inamlinda mjenzi asibebeshwe upungufu uliokuwepo kabla yake. Analipa sehemu yake, basi. Ni haki, ila upungufu wa zamani ubaki na chanzo chake cha fedha, la sivyo hakuna atakayeuziba. Florida pia imebana upandishaji wa ada tangu 2021: ongezeko hadi asilimia 25 hugawanywa kwa miaka miwili, la zaidi ya hapo hadi 50 kwa miaka minne, na kwa kawaida si zaidi ya mara moja kila miaka minne. Krediti za bei ya zamani zikijumlishwa na ada isiyopanda haraka, mfuko hukonda pande zote mbili. Mjumbe wa baraza anayepiga kura ya mkataba wa krediti adai kuonyeshwa leja: krediti ngapi zimeshatolewa, ngapi zimetumika, zilizobaki zitaisha mwaka gani.

Nani atumie

Mradi wa nyumba kumi au ishirini: lipa ada taslimu. Mwanasheria, mhandisi, dhamana na zabuni vitakula faida yote. Mradi wa mamia ya nyumba wenye mbele ndefu kwenye barabara iliyomo kwenye mpango: tumia, hasa kama bila barabara hiyo hutaweza kuuza. Kituo cha mafuta au ghala kwenye barabara ya jimbo: uliza kwanza kama ada ya mji au kaunti inagusa barabara za jimbo, maana unaweza kujenga kwa idara ya jimbo na kudaiwa ada yote na mji.

Ziara ya kwanza ofisini kwao, omba nakala za vitu vitatu: kanuni ya ada yenye kifungu cha krediti, orodha ya sasa ya barabara za mpango na gharama iliyowekewa kila moja, na mkataba wa krediti wa karibuni uliosainiwa na mwendelezaji mwingine. Huo wa tatu ni waraka wa umma, na ndani yake utaona ni vipengele gani mamlaka hiyo imeshawahi kuvikubali.